Onyo la baruti halizuii mshtuko

MACHIMBO ya vito yaliyo katika eneo la Kasigau, Kaunti ya Taita Taveta, ni ya miamba migumu, na wachimbaji huipasua kwa baruti. Kanuni ya kazi hiyo ni kwamba watu waonywe kabla ya mlipuko ili wajisitiri. Hata hivyo, mwili hauitikii onyo hilo kwa namna moja.

Kishindo cha ghafla kinaposikika, kope hufumba baada ya milisekunde 30 hadi 50, kisha shingo hujikunja na mabega kuinuka. Amri hiyo hutoka katika shina la ubongo, wala haingoji fikra. Tendo la hiari, kama vile kubonyeza kitufe mtu asikiapo mlio, huchukua takriban milisekunde 150.

Onyo likitangulia kwa nusu sekunde au sekunde chache, tendo la hiari huharakishwa. Likitolewa mapema mno, faida hiyo hufifia, kwani hakuna awezaye kukaa chonjo kwa muda mrefu. Kwa hiyo baada ya onyo la kuondoka, ambalo sharti liwahi, hesabu ya mwisho ya kushuka hadi sifuri ina kazi yake.

Mshtuko wenyewe ni mkaidi. Charles Darwin alieleza mwaka 1872 jinsi alivyosogeza uso kwenye kioo cha kizimba cha kifutu mjini London, akiwa ameazimia kutotikisika. Nyoka alipogonga kioo, mwanasayansi huyo aliruka nyuma. Mwaka 1939, Landis na Hunt wa Marekani walichapisha utafiti wao wa mlio wa bastola: hata kwa waliouzoea, kope zilifumba.

Mlio hafifu unaotangulia kishindo kwa takriban milisekunde 100 hupunguza mshtuko, lakini hilo ni jambo la maabara. Machimboni hakuna filimbi inayoweza kupulizwa kwa usahihi huo.

Hatari kubwa zaidi imo sikioni. Msuli mdogo wa sikio la kati hukaza ili kupunguza kelele, ila huchelewa. Wimbi la mlipuko huwa limekwisha kupita. Kilele cha desibeli 140 chaweza kudhuru usikivu papo hapo, na kujua kwamba kishindo kinakuja hakupunguzi hata desibeli moja. Muda unaotolewa na onyo unatosha kuvaa viziba masikio au, vikikosekana, kuziba masikio kwa vidole.