Fuwele ya zamani yarudi kazini

Mwaka 1947 Berlin ilikuwa bado vifusi. Hartmut Kallmann, mwanafizikia wa asili ya Kiyahudi aliyefukuzwa kazi chini ya Wanazi, alikuwa amenusurika vita humohumo mjini. Sasa alitafuta kitu kinachometa kikipigwa na mionzi ya gama. Unga wa salfaidi ya zinki, uliotumika tangu enzi za Rutherford, haukufaa: ukiwa mwembamba gama huupenya tu, ukiwa mnene humeza mwanga wake wenyewe. Kallmann akachukua naftalini, ile ya vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo kabatini. Donge lake lilikuwa nene, na bado mwanga ulitoka.

Mwaka uliofuata, Robert Hofstadter wa Princeton alipata fuwele bora zaidi: iodidi ya sodiamu iliyotiwa thaliamu kidogo. Gama yenye nishati kubwa ilitoa mmeto mkali, yenye nishati ndogo mmeto hafifu. Hapo kiini cha atomu kinachooza kikaanza kutambulika kwa gama zake, kama mtu kwa sauti yake.

Sauti yenyewe, hata hivyo, ilikuwa na mikwaruzo. Gama mbili za kobalti-60, za kiloelektroni-volti 1173 na 1332, zilichorwa kwenye grafu kama vilima viwili vinene. Ndipo mwaka 1963, huko Chalk River, Kanada, wanafizikia Tavendale na Ewan wakatumia jerimaniamu iliyopenyezwa lithiamu, na vilima vikawa sindano. Raha hiyo ilikuwa na gharama: kifaa kilihitaji naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, usiku na mchana. Kikiachwa kipate joto, lithiamu huhama na kifaa huharibika. Wikendi za maabara zilikuwa na zamu zake.

Nani angeikumbuka tena fuwele ya Hofstadter? Mwaka 1977, mwanafizikia Hardy na wenzake walibuni kwa kompyuta kiini kisichokuwepo, wakakiita Pandemonium, jina la mji mkuu wa mashetani katika utenzi wa Milton. Wakakichambua kana kwamba ni data halisi. Dosari ikaonekana: kiini kikioza kwa nishati nyingi, nishati hiyo hugawanyika katika gama dhaifu chungu nzima, na jerimaniamu, kwa ukali wake wote wa macho, huzikosa nyingi.

Dosari hiyo iligusa vinu vya nyuklia. Mara tu kinu kikizimwa, takribani asilimia 7 ya nguvu yake huendelea kutoka kama joto la mabaki yanayooza, na mahesabu ya joto hilo hutegemea data za gama hizo.

Dawa ilikuwa kuzingira sampuli kwa fuwele kubwa na kujumlisha gama zote za mwozo mmoja, kama mchuuzi anayepima debe zima la dagaa badala ya kuhesabu mmoja mmoja. Mwaka 2010, Algora na wenzake walitoa vipimo walivyofanya Jyväskylä, Finland, kwa viini saba, vingi vya teknetiamu. Sehemu kubwa ya joto la gama la mabaki ya plutoniamu-239 lililokosekana kwenye mahesabu ikapatikana. Fuwele zao zilikuwa za iodidi ya sodiamu, zenye thaliamu kidogo.