Kipimo cha Utulivu: Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Dodoma

Kinachomshangaza mgeni katika Chuo Kikuu cha Dodoma ni umbali. Chuo kilianza mwaka 2007 katika ukumbi wa Chimwaga, ambako CCM ilikuwa ikifanyia mikutano yake mikuu, kisha kikatawanyika juu ya vilima vya Ng'ong'ona na Iyumbu. Kila ndaki ikapata mabweni yake, madarasa yake na mgahawa wake. Kilichorwa ili siku moja kibebe wanafunzi 40,000. Kijana aliyetoka Ngara au Newala huteremka hapo na begi lake wakati wa kiangazi, kabla mvua za Desemba hazijafika, vumbi likiwa bado jekundu na maji ya bomba yakiwa hayana uhakika. Wazazi wake wako mbali siku nzima ya safari au zaidi. Katika eneo lote hilo, ofisi moja tu imepewa kazi ya kumjua yeye kama mtu, mbali na namba yake ya usajili: ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi.

Hoja yangu ni kwamba ofisi hii, hapa Dodoma na katika vyuo vyetu vingi, inapimwa kwa kipimo kisicho chake. Mwaka ukiisha bila mgomo, husemwa kwamba imefanya kazi nzuri. Lakini mwaka wenye utulivu unaweza pia kuwa mwaka ambao mamia ya wanafunzi wamedisko, yaani wameondolewa kwa kufeli, wameahirisha masomo au wameondoka kimya kimya bila mtu yeyote kubisha hodi chumbani mwao. Kimya cha namna hiyo hakisumbui uongozi, na ndiyo sababu hakihesabiwi.

Kipimo hiki kina historia. Tume ya Asquith, iliyotoa ripoti yake mwaka 1945 kuhusu elimu ya juu katika makoloni ya Uingereza, ilishauri kwamba vyuo vikuu vya makoloni viwe vya bweni. Mwanafunzi aishi chuoni, ale chuoni, alelewe chuoni. Mfumo huo ulifika Makerere, kisha ukaja kwetu. Chuo cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961 kwa darasa la sheria lenye wanafunzi wasiozidi 14, mlezi angeweza kumjua kila mmoja kwa jina na kwao. Miaka mitano baadaye mambo yalikuwa mengine. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400. Mwaka 1971 rais wa serikali ya wanafunzi, Symonds Akivaga, alifukuzwa chuoni na kurudishwa Kenya. Mwaka 1978 wanafunzi waliandamana tena, safari hii kupinga nyongeza ya marupurupu ya viongozi, na wengi wakatimuliwa. Tangu hapo mlezi amebeba mizigo miwili isiyopatana: kusimama mahali pa mzazi, na kuwa jicho la dola iliyoogopa maandamano. Vyuo vilivyozaliwa baadaye, Dodoma kikiwamo, viliurithi mzigo wa pili bila kupitia matukio yaliyouzaa.

Watetezi wa huduma za wanafunzi hupenda kurejea Marekani, ambako mwaka 1937 Baraza la Elimu la nchi hiyo lilitoa tamko lililotaka chuo kimtazame mwanafunzi mzima: akili yake, afya yake, fedha zake, mahusiano yake. Ni tamko zuri. Hata hivyo, naona neno letu la malezi linafika mbali zaidi, tukilichukua kwa uzito wake. Katika jamii zetu nyingi, Wagogo wa uwanda huu wakiwamo, malezi yalikuwa na kituo. Kijana akishatoka jandoni haambiwi tena mambo kama mtoto. Anashirikishwa, anaulizwa, anadaiwa wajibu wa mtu mzima. Mwanafunzi wetu wa miaka 21 alikwisha kufikia umri wa kupiga kura na huenda anamlipia mdogo wake ada. Ofisi inayomsimamia kwa kumkagua na kumwandikia barua za onyo inamrudisha nyuma ya jando. Lengo la malezi ya chuo lingekuwa kumfikisha mahali ambapo hamhitaji mlezi, na kumfikia haraka anapojikwaa kabla ya kufika hapo.

Tatizo liko kwenye hilo neno haraka, na hapa nataka kukaa kidogo, maana suluhisho liko karibu kuliko tunavyodhani.

Tangu Bodi ya Mikopo ianze kazi mwaka 2005 kwa sheria ya mwaka 2004, maisha ya chuo yamekwenda kwa mapigo ya bumu, yaani fedha ya chakula na malazi. Kwa mwaka wa masomo 2023/24 ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Utaratibu wake unajulikana na kila mwanafunzi: majina yanatoka, unasaini, fedha inaingia. Usiposaini ndani ya muda, fedha inarejeshwa Bodi. Sasa tujiulize: ni nani anayeacha kusaini fedha ambayo wenzake wameisubiri kwa wiki kadhaa wakila mlo mmoja? Ni yule aliyelazwa hospitali, aliyefiwa akasafiri bila kuaga, aliyejifungua, aliyevunjika moyo akawa hatoki chumbani, aliyekwisha kuacha chuo ilhali jina lake bado linaitwa darasani. Orodha ya wasiosaini ndiyo kengele ya kwanza na ya uhakika kuliko zote, na inafika yenyewe mezani kwa maofisa kila robo. Tunaitumia kurejesha fedha tu.

Kuna pia wasio na mkopo kabisa, na hao hawamo kwenye orodha yoyote. Wanaonekana kwenye kubebana: kitanda kimoja, watu wawili, mmoja hana haki ya kuwapo. Wadeni, msimamizi wa bweni, akimkuta, kanuni inamtaka amtoe. Mshauri angetaka kwanza kujua kwa nini hana pa kulala. Tangu serikali ihamie Dodoma na kodi za vyumba mjini kupanda, jibu mara nyingi ni umaskini, na umaskini hautibiwi kwa barua ya onyo.

Hapo ndipo kugawanywa kwa ofisi hii kunapokuwa lazima. Huwezi kuwa hakimu asubuhi na mnasihi mchana kwa mtu yule yule. Mwaka 2020 TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, ilitoa matokeo ya utafiti wake kuhusu rushwa ya ngono katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na cha Dodoma. Msichana anayetakiwa kimapenzi na mtu mwenye mamlaka juu ya alama zake hataipeleka siri hiyo kwenye chumba kile kile alichoitiwa juzi kwa kuchelewa kurudi bwenini. Madawati ya jinsia ni hatua njema, lakini dawati lililo kwenye korido ya utawala, ambako kila anayepita anaona nani ameingia, litabaki na kiti kitupu. Nidhamu iwe na ofisi yake na kamati yake. Unasihi uwe na mlango wake, kwenye kila ndaki, na siri zake zisivuke ukuta.

Nitaambiwa kwamba utulivu nao ni huduma, kwa sababu chuo kikifungwa anayeumia ni maskini. Nakubali kabisa. Mwishoni mwa Mei 2016 zaidi ya wanafunzi 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati waliamriwa kuondoka Dodoma kwa taarifa ya muda mfupi sana, na wengi wakajikuta kituo cha mabasi na mabegi yao bila nauli. Baadaye wengi wao walipelekwa kwenye vyuo vya ualimu. Lakini hawakuwa wamegoma. Masomo yalisimama kwa sababu ya mgogoro wa malipo ya wahadhiri. Utulivu wa wanafunzi haukuwakinga. Kilichokosekana siku ile ni mtu mwenye orodha: nani mgonjwa, nani mjamzito, nani ana miaka 17, nani hana nauli ya kufika Kigoma.

Basi pa kuanzia pawe padogo. Bumu lijalo likitoka, orodha ya wasiosaini isirudi Bodi kabla haijapita kwa mnasihi wa kila ndaki, na mnasihi huyo apewe siku tatu na pikipiki.