Kampala Kutoka Juu ya Mnara

Mgeni anayepanda mnara wa Msikiti wa Kitaifa pale Old Kampala huambiwa na wanaomtembeza kwamba mji huu umejengwa juu ya vilima saba, kama Roma. Nimepanda mara tatu, na kila mara orodha ya vilima saba ilikuwa tofauti. Mmoja alitaja Makindye, mwingine aliiacha akaweka Kasubi, wa tatu akaanza na Mulago. Hesabu hiyo naona haina maana sana. Kinachofaa kuulizwa kule juu ni nani alipewa kilima gani, na nani alijichukulia mwenyewe.

Jina la mji lilianzia hapo hapo chini ya mnara. Waganda walikiita kilima hiki akasozi k'empala, yaani kilima cha swala, na k'empala ndiyo Kampala ya leo. Desemba 1890 alifika Frederick Lugard, mtumishi wa kampuni ya Kiingereza iliyopewa kibali cha kutawala Afrika Mashariki. Alikuja na askari Wasudani na Waswahili. Kabaka Mwanga, aliyekaa Mengo, alitaka mgeni huyo apige kambi mahali pa chini penye unyevu. Lugard alikataa akapanda kilimani. Alijenga ngome huko, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa amemtia Mwanga sahihi kwenye mkataba.

Ukisimama mnarani unaelewa kwa nini alikataa. Kusini unaiona Mengo yote, ikulu na njia zake. Magharibi, karibu kabisa, iko Namirembe ya Waprotestanti, na nyuma yake kidogo, kuelekea kusini, Rubaga ya Wakatoliki yenye minara miwili. Mtu mwenye bunduki ya rashasha mahali kama hapa hahitaji jeshi kubwa.

Na bunduki alikuwa nayo. Wakati ule dini zilikuwa vyama vya siasa. Wakatoliki waliitwa Wafransa kwa sababu ya mapadri wao, Waprotestanti wakaitwa Waingereza, ingawa wote walikuwa Waganda na wengine walikuwa ndugu wa damu. Januari 1892 Mprotestanti mmoja aliuawa katika ugomvi wa bunduki. Mwanga akamwachilia muuaji, Lugard akaipinga hukumu hiyo na kuwagawia Waprotestanti silaha. Tarehe 24 vita vilianza bondeni, kati ya vilima hivi, na Maxim zikapiga kutoka ngomeni. Kanisa la Rubaga liliteketea siku hiyo. Mwanga alikimbilia kisiwa cha Bulingugwe pamoja na Wakatoliki, na huko pia wakafuatwa.

Vita vilipokwisha nchi iligawanywa kwa dini. Waprotestanti walibaki na sehemu kubwa, Waislamu wakapata sehemu ndogo ikiwemo Butambala, Wakatoliki wakapelekwa Buddu. Kwetu ni Masaka, ndani ya Buddu hiyo. Bibi yangu husema ukoo wetu "ulitoka Mengo", lakini hasemi kwa nini uliondoka, na nyumbani hakuna anayemwuliza. Parokia, shule ya masista, majina yetu ya ubatizo, yote nilikuwa nayachukua kama mvua na migomba, vitu vya mahali. Kumbe kwa sehemu vilitokana na mahali mtu mmoja alipochagua kupiga kambi.

Ukigeukia kusini-mashariki unaona Kibuli, kilima cha Waislamu. Kiongozi wao, Mwanamfalme Nuhu Mbogo, Waingereza walimpeleka Zanzibar mwaka 1893, wakamrudisha mwaka 1895. Msikiti wa Kibuli umejengwa katika ardhi iliyotolewa na mwanawe, Badru Kakungulu. Kaskazini-mashariki ni Nakasero, ambako watawala walihamia mwanzoni mwa karne ya 20, na hadi leo wakubwa hawajashuka.

Mnara wenyewe ni habari nyingine. Mei 1966 jeshi la Milton Obote, likiongozwa na Idi Amin, lilishambulia ikulu ya Mengo, na Kabaka Mutesa II akatoroka hadi London alikofia mwaka 1969. Kwa hiyo Mengo ilipigwa mara mbili, na makabaka wawili walikimbia, babu na mjukuu. Miaka michache baadaye Amin huyo huyo, sasa rais, aliwapa Waislamu kilima cha Lugard. Ujenzi wa msikiti ulianza miaka ya 1970, ukakwama, hadi Muammar Gaddafi wa Libya alipoumalizia kwa fedha zake. Ulifunguliwa rasmi mwaka 2008. Ngome ya Lugard ilibomolewa kuupisha, na mfano wake ukajengwa kando. Kwa Waganda wengi hilo halikuwa msiba, nami sijaona anayeililia. Ila watalii huoneshwa ule mfano bila kuelezwa bunduki zilielekea wapi.

Chini kabisa, kati ya kilima hiki na Mengo, ni Kisenyi. Jina hilo hutajwa kwa mahali pa bondeni penye majimaji. Mabati yake yamebanana hata huoni njia, na mvua ikinyesha maji ya vilima vyote hivi huteremkia huko. Hapo bondeni, kwenye gereji na vibanda vya chai, ndipo nilipopata mazoezi yangu mengi ya Kiswahili, kwa kuzungumza na Wasomali, Wakongo na madereva wa malori. Aliyetutembeza mara ya mwisho alitaja vilima vyake saba, akanyoosha mkono juu ya Kisenyi kuionesha Mengo, akaendelea.