Msomaji wa Jarida la Shule: Kutoka Kiungani hadi Taveta

Makala haya yanakusudia kuchunguza historia ya majarida ya shule yaliyoandikwa au kupigwa chapa kwa mikono ya wanafunzi katika Afrika ya Mashariki, na kuitumia historia hiyo kujibu swali ambalo walimu wa Kiswahili huulizwa kila mara shule inapotaka kuanzisha jarida lake: jarida la namna hiyo lipangwe vipi, na likishatoka litathminiwe kwa kigezo gani? Eneo nililolizingatia ni Njukini, kaskazini mwa mji wa Taveta, kwenye njia iendayo Loitokitok. Mahali hapo pana mambo mawili yanayolifaa somo letu. Kwanza, pako katika wilaya ya kale ya Taveta, ambako gazeti ambalo aghalabu hutajwa kuwa la kwanza katika nchi iitwayo leo Kenya lilitolewa mnamo 1895. Pili, pako mpakani, na ng'ambo ya mpaka huo ni Rombo, Tanzania, ambako mtoto wa shule husoma na kuandika Kiswahili kwa utaratibu mwingine kabisa. Nitadai kwamba jarida la wanafunzi huishi au hufa kwa sababu ya msomaji wake, na kwamba tathmini yoyote isiyoanza kwa kumtaja msomaji huyo huwa inapima kitu kingine.

Hatuna budi kuanzia Unguja. Mnamo 1887 kilichapwa London kitabu cha masimulizi ya wavulana wa shule za Misheni ya Vyuo Vikuu, hasa ya Kiungani, kusini mwa mji wa Unguja. Wengi wao walikuwa watoto waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Walisimulia walivyotekwa, walivyouzwa, na walivyofika pwani. Aliyeyakusanya masimulizi hayo na kuyafasiri kwa Kiingereza ni A. C. Madan, yuleyule ambaye baadaye alitunga kamusi za Kiingereza na Kiswahili. Kitabu hiki kina thamani kubwa kwa mwanahistoria. Lakini tukiulize swali letu, jibu lake ni la wazi: wavulana walieleza, na wasomaji wakawa Waingereza waliotakiwa kuisaidia misheni kwa fedha na kwa sala. Kijana aliyeandika kuhusu kijiji chake cha Uyao hakutarajia kwamba mtu wa Uyao angekisoma.

Mwaka uliofuata, 1888, palepale Kiungani, katika Chuo cha Mtakatifu Andrea, lilianza kutoka jarida liitwalo Msimulizi. Hili liliandikwa kwa Kiswahili, na wataalamu wengi huliona kuwa jarida la kwanza la lugha hii. Misheni ilikuwa na mtambo wa chapa Unguja tangu zama za Askofu Steere, na vijana walifunzwa kazi ya kupanga herufi na kupiga chapa. Kwa hiyo mikono ilikuwapo tangu zamani. Kilichokuwa kipya ni msomaji. Waliohitimu Kiungani walikuwa wakipelekwa kufundisha Magila, Masasi, Newala na mpaka upande wa Ziwa Nyasa. Miongoni mwa wanafunzi wa kale alikuwamo Cecil Majaliwa, aliyepewa upadri mwaka 1890 na kufanya kazi upande wa Ruvuma. Watu hao walikuwa wametawanyika, kila mmoja katika kituo chake, na Msimulizi lilikuwa uzi uliowaunganisha. Habari zilitoka vituoni zikaja Unguja, zikapigwa chapa, zikarudi vituoni.

Naomba tulisitie hapa kidogo, maana jambo hili halijapewa uzito unaostahili katika vitabu vyetu vya historia ya fasihi. Wanafunzi wa Kiungani walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wabondei na wengineo. Kwa wengi wao Kiswahili kilikuwa lugha ya kujifunza, wala hakikuwa lugha ya mama. Hata hivyo, walipoandikiana wao kwa wao waliandika Kiswahili, na walikiandika kwa ajili ya kupashana habari: nani kahamishwa, nani kaoa, mvua imekuwaje, safari ilichukua siku ngapi. Ukikitazama Kiswahili cha aina hiyo kwa vipimo vya ushairi wa Mombasa au Lamu utakiona ni kikavu. Lakini ni nathari, tena nathari ya mapema iliyoandikwa na Waafrika wa bara kwa Waafrika wenzao kwa herufi za Kirumi. Tunapotafuta chimbuko la nathari ya Kiswahili cha leo, huwa tunakimbilia upesi mno kwa wafasiri na kwa maofisa wa kamati za lugha. Nadhani barua za walimu vijana zilizochapwa katika kijarida cha shule zinastahili kutazamwa kwanza.

Tanga ni habari ya namna nyingine. Katika shule ya serikali ya Wajerumani mjini humo lilitolewa Kiongozi, tangu 1904 hadi nyakati za Vita Vikuu vya Kwanza. Hili nalo lilipigwa chapa shuleni. Lilienea mbali kuliko Msimulizi, likasomwa na makarani, walimu na maakida katika koloni zima, na wasomaji wakapeleka habari na mashairi yao. Hata hivyo, shabaha yake ilikuwa ya dola, na jina lake lasema hivyo bila kificho. Mwanafunzi aliyesimama mbele ya mtambo alikuwa fundi tu. Natofautisha hapa baina ya jarida linalopigwa chapa shuleni na jarida la wanafunzi, kwa kuwa mara nyingi mambo haya mawili huchanganywa.

Sasa tuje Taveta. Mnamo 1892, baada ya mapigano kati ya Wajerumani na Wachaga wa Moshi, wamisionari wa C.M.S. walilazimika kuondoka Moshi. Kasisi A. R. Steggall akavuka akajenga kituo Mahoo, Taveta, mahali palipokuwa pakijulikana sana na misafara kwa maji yake, kivuli chake na ndizi zake. Tangu 1895, mwaka ambao Uingereza ilitangaza himaya yake katika Afrika ya Mashariki, hadi mwanzoni mwa karne ya 20, Steggall alitoa hapo gazeti liitwalo Taveta Chronicle. Fikiria jambo lenyewe: reli ya kutoka Voi haikufika Taveta mpaka wakati wa vita, 1915 na 1916, na tayari miaka 20 kabla yake mtambo wa chapa ulikuwa ukifanya kazi msituni Mahoo!

Gazeti hilo lilikuwa la Kiingereza, na wasomaji wake walikuwa wamisionari, maofisa na marafiki wa misheni. Ndani yake mna habari za Taveta ambazo hazipatikani penginepo, na wanahistoria wa wilaya hii wanalitegemea. Lakini Mtaveta wa 1895 aliyeandikwa humo hakuweza kulisoma, kwa hiyo hakuweza kulijibu wala kulisahihisha. Tukiliweka kando ya Msimulizi, lililolitangulia kwa miaka 7 na kutolewa na misheni ya Kanisa lilelile la Kiingereza, tofauti yao inatoka wapi? Si katika mtambo, wala si katika imani. Kiungani palikuwapo kundi la wasomaji waliosoma lugha moja na waliohitaji habari za wenzao. Mahoo kundi hilo lilikuwa bado halijaundwa, na gazeti halikuandikwa kwa nia ya kuliunda.

Huko Ulaya, jambo hili lilikuja kufanywa nadharia ya elimu na Mfaransa Célestin Freinet. Mnamo 1924 mwalimu huyu wa shule ya kijiji cha Bar-sur-Loup alinunua mtambo mdogo wa chapa akawapa watoto wapange wenyewe maneno yao. Jarida la watoto wake lilipata nguvu miaka miwili baadaye, walipoanza kubadilishana maandishi na shule ya Trégunc, mkoa wa Bretagne, upande wa pili wa Ufaransa. Watoto wa milimani walilazimika kueleza mambo ambayo kwao yalikuwa ya kawaida, kwa sababu watoto wa pwani hawakuyajua. Nilipokuwa masomoni ng'ambo, habari za Freinet zilifundishwa kana kwamba hazina mfano duniani. Aliyesoma historia ya Kiungani hawezi kukubali hivyo.

Turudi kwetu. Mwaka 1985 mfumo wa 8-4-4 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za Kenya, kufuatana na mapendekezo ya Tume ya Mackay ya 1981. Faida yake ni kubwa, wala hapana haja ya kuibishania. Lakini mtihani ule ulileta insha, na insha ikaleta aina ya uandishi ambayo kila mwalimu anaitambua: jua linachomoza kwa madaha, ndege wanaimba, methali tatu zinafuatana katika aya moja, na mtoto wa Njukini anaeleza ajali ya barabarani ambayo hakuiona. Msomaji wa insha hiyo ni mtu mmoja tu, naye analipwa kuisoma. Mtihani wa K.C.P.E. ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, lakini mazoea yake yamo bado vichwani mwetu sisi walimu. Tunapopewa jarida la wanafunzi tulipime, kalamu nyekundu hutoka yenyewe, tukaanza kuhesabu hijai, sarufi na msamiati. Hivi ni vipimo vya haki kwa insha. Kwa jarida havitoshi, kwa kuwa havisemi kama kuna mtu yeyote nje ya shule aliyelisoma, na aliposoma alijua nini ambacho hakukijua.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi wa Njukini anaandika kuhusu maji ya kumwagilia migomba, na badala ya mfereji anaandika mfongo, neno la Kichaga lisikikalo pande zote mbili za mpaka. Msahihishaji wa insha atalipigia mstari. Mhariri wa jarida atamwuliza mwandishi: je, msomaji wako wa Voi atalielewa? Ikiwa hataelewa, mwandishi ataongeza maelezo ya maneno matano au sita, na neno litabaki. Kwa njia hiyo Kiswahili kitapata neno lenye kazi maalumu, na mwandishi atakuwa amejifunza jambo ambalo alama nyekundu haiwezi kumfunza. Eneo la Njukini na Chala lina Wataveta, Wakamba, Wachaga na wengineo. Kitaveta chenyewe ni jirani wa karibu wa Chasu cha Upare. Katika hali kama hiyo kamati ya uhariri isiyo na watu wa lugha zaidi ya moja itakuwa na masikio mabovu.

Kuhusu maudhui sina haja ya kuwa na maneno mengi. Kuna tembo watokao Tsavo Magharibi na kula mazao. Kuna ziwa Chala, ambalo mpaka wa nchi mbili unapita katikati yake. Kuna soko la Taveta siku za Jumatano na Jumamosi, na kuna suala la ardhi, lililorithiwa tangu enzi za mashamba ya mkonge ya Ewart Grogan, ambalo wazee wanaweza kulihadithia kwa saa nyingi wakiulizwa na wajukuu wao. Picha ya mwalimu mkuu na hotuba yake ya ukurasa mzima vinaweza kungoja jalada la nyuma.

Zamani gharama ilikuwa kisingizio: karatasi za stensili zilipasuka, wino ulichafua mikono, na mashine ya kurudufu iliharibika wiki ya kufunga shule. Siku hizi kompyuta moja na printa moja zinatosha kurasa 8. Kurasa 8 zitokazo kila muhula zina faida kuliko kitabu kinene cha rangi kitokacho mara moja kwa mwaka, kwa sababu kosa la toleo la kwanza huweza kusahihishwa msomaji akiwa bado analikumbuka.

Nalo jarida likitoka, tathmini ianze nje ya darasa. Wanafunzi wenyewe wahesabu nakala zilizonunuliwa na zilizorudi. Walisome kwa sauti mbele ya mzee mmoja aliyetajwa ndani yake, waandike alipokataa na alipocheka. Sarufi ipimwe pia, lakini baada ya hapo, na kwa kuuliza ni kosa gani lililomzuia msomaji kufahamu. Kisha nakala zipelekwe ng'ambo ya mpaka. Katika shule za msingi za serikali za Tanzania Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia masomo tangu siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967, na mtoto wa Rombo anasema sekondari na kompyuta pale ambapo mwenzake wa Njukini amefunzwa kuandika shule ya upili na tarakilishi. Hapo ndipo pana Trégunc ya Njukini, kwa mwendo mfupi wa miguu. Barua ya kwanza itakayotoka Rombo ikilalamika kwamba neno fulani halikueleweka ichapwe katika toleo la pili, ukurasa wa kwanza, pamoja na jibu la mwanafunzi aliyeliandika.