Habari za Liwa, Msiro na Jua

Katika desturi za wanawake wa pwani mna neno liwa, ndilo jina la mti wenye harufu nzuri unaosuguliwa kwa maji juu ya jiwe, na rojo lake hupakwa usoni na mwilini. Jiwe lenyewe huitwa msio. Wamakua wa Msumbiji nao wana mti wao, msiro, ambao Wareno huandika mussiro, na wataalamu wa mimea huuita Olax dissitiflora. Nao husuguliwa vivyo hivyo, hata uso ukawa mweupe kama uliopakwa chokaa. Msio na msiro yafanana sana masikioni, lakini moja ni jiwe na moja ni mti, na mfanano wa sauti peke yake hauthibitishi ujamaa.

Askofu Steere alipowaleta Masasi watu waliokombolewa utumwani, mwaka 1876, walitoka Unguja, ambako liwa yajulikana, wakakaa katika nchi ya majirani Wamakua, ambao asili yao ni ng'ambo ya Ruvuma. Basi sisi tukaao huku, tangu Newala hata Nanganga, inapoachana njia ya Ruangwa na ya Masasi, tumepakana na desturi zote mbili, na twaulizwa: je, rojo hili lazuia jua?

Twajibu kwanza kwa habari ya ngozi. Chini kabisa ya ngozi ya juu zimo seli mama, ambazo kazi yake ni kuzaa seli mpya badala ya zile zinazochakaa na kubanduka. Miali ya urujuanimno ikiharibu seli ya juu, hasara ni ndogo, maana itabanduka. Lakini ikiharibu seli mama, wazao wake hurithi kasoro ile, na baada ya miaka mingi kasoro juu ya kasoro huweza kuwa saratani. Ngozi nyeusi ina rangi iitwayo melanini, ambayo hukifunika kiini cha seli kama mwavuli. Mtu mwenye ualbino (zamani aliitwa zeruzeru, neno ambalo wenyewe wengi hawalipendi) amekosa mwavuli huo, au anao kidogo mno.

Kuhusu mimea, majani ya chai, kama yale ya Mufindi na Rungwe, yana vitu viitwavyo polifenoli, na majaribio ya maabara yameonyesha kwamba hupunguza madhara ya miali katika seli. Hayo ni msaada kwa seli, si ukuta mbele ya jua. Mafuta ya nazi na ya ufuta huzuia kidogo sana. Liwa na msiro, kwa kuwa ni unga uliokauka juu ya ngozi, huenda vikatia kivuli kiasi. Lakini jasho huviosha, navyo havipakwi kwa unene mmoja. Ni pambo jema, wala hatuoni sababu ya kulikemea.

Ila mzazi akimleta shuleni mtoto mwenye ualbino amepakwa liwa, akidhani imetosha, mwalimu asikubali. Mtoto huyo apewe kofia pana na nguo za mikono mirefu, akae mbali na dirisha lenye jua, wala asipelekwe shambani saa sita. Mafuta ya Kilisun, yaliyobuniwa Moshi katika hospitali ya KCMC kwa ajili ya watu kama yeye katika miaka ya 2010, hupakwa kabla ya kutoka nje, na kupakwa tena kila baada ya saa mbili akiwa juani.