Bustani ya Uhuru katika Mji wa Nairobi

Mgeni afikaye Nairobi, apitapo katika njia kuu iitwayo Uhuru Highway, huona upande wa mashariki majumba marefu ya biashara na ya serikali, na upande wa magharibi uwanda wa majani, wenye miti na ziwa dogo lililofanyizwa kwa mikono ya watu. Hapo ndipo Uhuru Park, yaani Bustani ya Uhuru. Ukubwa wake wapata hekta 13 tu, walakini habari zake zinazidi ukubwa wake.

Bustani hii ilifunguliwa na Rais Jomo Kenyatta tarehe 23 Mei 1969. Tangu hapo watu wa kila namna wamepumzika humo. Tukumbuke ya kuwa wenyeji wengi wa Nairobi hukaa katika vyumba vidogo visivyo na ua wala kivuli. Tajiri ana bustani yake nyumbani. Maskini hana ila hii ya wote.

Basi katika mwaka wa 1989 ilisikika habari ya kuwa chama kilichotawala, KANU, pamoja na gazeti lake la Kenya Times, kilitaka kujenga katika bustani hiyo jumba la ghorofa 60, na mbele yake sanamu ya Rais Daniel arap Moi. Gharama zake zilikisiwa kuwa dola milioni 200, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa ya kukopwa ng'ambo.

Watu wengi walinung'unika kwa siri, lakini aliyesema waziwazi alikuwa Bibi Wangari Maathai, mwalimu wa chuo kikuu wa zamani, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977 ili wanawake wapande miti. Hakuwa na jeshi wala mali. Silaha yake ilikuwa kalamu. Aliwaandikia wakuu wa serikali, mashirika ya Umoja wa Mataifa, na hata balozi wa Uingereza, akiuliza kama Waingereza wangekubali jumba la namna hiyo lijengwe katika Hyde Park ya London.

Majibu yalikuwa makali. Wabunge walimtukana barazani, na chama chake kikafukuzwa katika ofisi zake. Rais mwenyewe alisema ya kuwa mwanamke wa Kiafrika imempasa kuwaheshimu wanaume na kunyamaza. Bibi Wangari akaenda mahakamani kuomba ujenzi uzuiwe. Lakini hakimu alikataa kesi yake, kwa kuwa ati hakuwa na haki ya kushtaki, maana jambo lile halikumdhuru yeye peke yake. Hapa na tutue kidogo, tufikiri. Ikiwa mali ni ya wote, na kila mmoja akiambiwa si yake, je, ni nani atakayeitetea?

Hata hivyo maneno yake hayakupotea. Wakopeshaji wa ng'ambo waliona haya kutoa fedha, kwa kuwa nchi ilikuwa na madeni mengi tayari. Mradi ukapunguzwa, kisha ukaachwa kabisa. Na mwanzo wa mwaka 1992 ua uliozungushiwa mahali pale ukaondolewa.

Mwezi wa Februari mwaka huohuo akina mama wazee, ambao wana wao walifungwa kwa ajili ya siasa, walikusanyika katika pembe ya bustani hiyo, wakafunga kula, wakidai watoto wao wafunguliwe. Bibi Wangari alikuwa pamoja nao. Tarehe 3 Machi askari waliwajia kwa marungu na moshi wa kutoa machozi. Baadhi ya wazee wale wakavua nguo zao mbele ya askari, na kwa mila zetu hiyo ni laana nzito. Bibi Wangari alipigwa hata akazimia. Akina mama wakakimbilia Kanisa Kuu la All Saints lililo karibu, wakakaa humo muda upatao mwaka mmoja, mpaka karibu wafungwa wote wakaachiliwa. Tangu siku hizo pembe ile huitwa Pembe ya Uhuru.

Tena yako mambo ya kustaajabisha. Tarehe 27 Agosti 2010 Rais Mwai Kibaki alitia sahihi katiba mpya ya Kenya papo hapo katika bustani. Katiba hiyo, katika ibara ya 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Na ibara ya 70 inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kuitetea haki hiyo, bila kulazimika kuonyesha ya kuwa kuna mtu aliyepata hasara. Neno lile alilonyimwa Bibi Wangari mwaka 1989 likawa sheria juu ya majani yaleyale aliyoyaokoa. Alifariki tarehe 25 Septemba 2011, na taifa likamwaga papo hapo.

Wazee walisema: chovya chovya humaliza buyu la asali. Ardhi ya wote haiishi kwa siku moja. Huliwa kipande kwa kipande, leo pembe hii, kesho ile, watu wakitazama tu. Nasi tulio na kiwanja cha mji au cha shule, kisima au msitu, tujiulize: siku atakapokuja mtu na kamba ya kupimia, ni nani kati yetu atakayeshika kalamu?