Kipindupindu: kimeng'enya kinachokunja sumu

Tabora ilikuwa mji wa misafara. Kitabu cha daktari James Christie cha mwaka 1876 kinaeleza jinsi kipindupindu kilivyofuata njia za misafara Afrika Mashariki.

Bakteria wa ugonjwa huu wana kimeng'enya kiitwacho TcpG. Hufunga protini kwa vifungo vya salfa ili zikunjike sawasawa. Kikikosekana, bakteria huishi, lakini hushindwa kuunda vizuri vinywele vya kunata kwenye utumbo na kutoa sumu inayokuharisha. Umbo lake lilichapishwa mwaka 1997. Watafiti wanatafuta dawa za kuzuia vimeng'enya vya aina hii.

Wewe usizisubiri. Ukiharisha majimaji kama maji ya mchele, anza kunywa ORS, uwahi kituo cha afya. Kipindupindu huweza kuua ndani ya saa chache.